Sava ya nyumbani imegoma kubuti kwenye flashi? Anzia hapa kabla hujafomati chochote

Kwanza tulia. Kama una mashine ya kutunzia mafaili nyumbani, iwe inatumia mfumo wa Unraid au OpenMediaVault, ambayo inawakia kwenye flashi afu leo imegoma, mafaili yako hayako kwenye flashi, yako kwenye zile diski kubwa, flashi imebeba mfumo na setingi tu. Wengi wanaopoteza data hawaipotezi kwa sababu flashi imekufa, wanaipoteza kwenye papara ya kuitengeneza, mtu anaweka mfumo upya saa sita usiku kachoka, anaulizwa auweke kwenye diski ipi, anabonyeza ya kwanza anayoiona na hapo kwisha habari yake.

Kwa hiyo, ukishahakikisha kweli haijabuti (soma sehemu inayofuata kwanza), zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua mfuniko, piga picha kwa simu jinsi nyaya zilivyokaa, afu chomoa nyaya za data za diski zote, ule wa SATA ulio bapa na mwembamba, wa umeme unaweza kuuacha. Kuanzia hapa mashine inafanya kazi na flashi peke yake mpaka ibuti. Na kama unatumia TrueNAS, mfumo mwingine wa kutunzia mafaili, wenyewe siku hizi wanataka uiweke kwenye SSD sio flashi, ila mambo mengi ya hapa chini yanakuhusu pia.

Je, kweli haijabuti?

Swali la kijinga lakini uliza. Umeme ukikatika, routa nayo inazima, ukirudi routa inagawa anwani upya na sava inaweza kupewa nyingine tofauti na ile uliyozoea kuandika kwenye brauza. Mtu anasema sava imekufa kumbe iko mzima kabisa imehamia 192.168.1.14. Ingia kwenye routa uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukiiona hapo basi ishu yako sio kubuti, mpe hiyo sava anwani ya kudumu humohumo kwenye routa na uendelee na maisha.

Kama haipo kwenye orodha, tafuta skrini na kibodi. Hapa ndipo watu wanapojisumbua bure, wanazima na kuwasha, wanazima na kuwasha, bila kuona mashine inasema nini. TV yenye HDMI inatosha, au moniita ya zamani ya VGA, azima hata kwa jirani. Kuna kaka mmoja ana studio ya picha pale Majengo alinipigia, "Kaka njoo, mashine imekufa na picha za harusi za watu zote zimo mle." Nikamuuliza skrini inasemaje, akanijibu skrini ipi tena, hii haijawahi kuwa na skrini. Tulipochomeka moniita, HP yake ilikuwa imetulia kwenye ujumbe wa "Real Time Clock Power Loss (005)" inasubiri mtu abonyeze kitufe, na kibodi haikuwepo. Yani ingekaa hivyo mpaka Krismasi.

Betri ya saa, mchawi wa kwanza

Nimeweka hii juu ya vyote makusudi. Sava nyingi za nyumbani hapa Dodoma ni kompyuta za mtumba, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, zile zinazoshushwa zikiwa zimeshatumika ofisini miaka kibao huko zilikotoka. Ndani kwenye madabodi kuna kibetri cha duara kama shilingi, CR2032, cha volti 3, na kazi yake ni kushikilia saa na setingi za BIOS (programu ya madabodi inayoanza kabla ya mfumo) mashine ikikosa umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani muda wote betri inaweza kuwa imekufa zamani na usijue, kwa sababu pawa saplai inaibeba. Siku umeme unakatika mtaa mzima, Nkuhungu huko au Chang'ombe, na unakaa masaa, BIOS inasahau kila kitu: inasahau kwamba inatakiwa ianzie kwenye flashi, inasahau kwamba ulizima Secure Boot (kinga inayokataa mfumo usioutambua), inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Wewe unaona flashi imegoma, kumbe flashi haina kosa.

Dalili ni saa. Ingia BIOS, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi, na kwa madabodi za kuunga mwenyewe mara nyingi ni Delete. Ukikuta tarehe imerudi nyuma miaka, umeshapata jibu. Ukiwa na mita, pima, betri nzima inasoma 3 au juu yake kidogo, ile ya kaka wa studio ilisoma 1.9. Usiitoe kwa bisibisi ya kuchimbua, kuna kilimi cha chuma pembeni, kisukume kidogo inaruka yenyewe. Mpya utaipata hata kwa fundi saa, upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Ukishabadilisha, rekebisha tarehe hapohapo, maana saa ikiwa ya uongo hata mfumo ukiwaka mambo mengine yanayohitaji intaneti yatakusumbua.

Sasa turudishe setingi

Ukiwa bado ndani ya BIOS, angalia kwanza kama kubuti kwa USB kumeruhusiwa kabisa, Dell wanaita "Enable USB Boot Support", HP "USB Storage Boot". Afu mpangilio wa kubuti, flashi iwe juu. Kwenye BIOS za zamani flashi haionekani kama USB bali inahesabiwa ni diski, inakaa kwenye orodha nyingine ya "Hard Drive BBS Priorities" na huko ndiko unapotakiwa kuipandisha. Hii inawakuta sana walioongeza diski mpya juzi, diski mpya ikiingia BIOS inaiweka mbele na flashi inasukumwa chini bila taarifa.

Zima Secure Boot kama ni Unraid, haielewani nayo. Zima Fast Boot pia, kwa sababu mashine ikiwa na haraka inaweza kuruka hatua ya kukagua poti za USB.

Afu kuna UEFI na Legacy, njia mbili za kubuti, mpya na ya zamani, na hapa ndipo pana vurugu yenyewe. Flashi iliyotengenezwa kwa Legacy haibuti kwenye mashine iliyowekwa UEFI peke yake, na kinyume chake pia. Kwa Unraid ni rahisi, chomeka flashi kwenye laptopu utakuta folda ya EFI, kama imeandikwa "EFI-" yenye kistari mwishoni ujue njia ya UEFI imefungwa, futa kistari inafunguka. Na jina la flashi lazima liwe UNRAID kwa herufi kubwa, fomati iwe FAT32, ukibadilisha jina kwa kupendezesha haibuti hadi mwisho.

Kwa OpenMediaVault ni tofauti na panaudhi zaidi. Mfumo ukiwekwa kwa njia ya UEFI, unaandika jina lake kwenye kumbukumbu ya madabodi, mara nyingi "debian". BIOS ikijifuta, lile jina linapotea, na flashi ambayo haina faili la akiba kwenye EFI/BOOT haitambuliki tena ingawa iko salama kabisa. Nenda kwenye BIOS sehemu ya kuongeza njia ya kubuti, elekeza kwenye EFI/debian/grubx64.efi, sevu, washa. BIOS isiyo na sehemu hiyo, chukua flashi nyingine yenye Linux ya kujaribia, buti nayo, fungua ile sehemu ndogo ya FAT32 kwenye flashi ya sava, tengeneza folda EFI/BOOT na kopi lile faili humo ukilipa jina BOOTX64.EFI. Ukifanya hivi hata siku nyingine BIOS isahau, itaiona.

Wenye Dell, angalia pia "SATA Operation". Ikijiweka upya inarudi "RAID On" wakati wewe ulikuwa AHCI (njia ya kawaida ya kuongea na diski), na matokeo yake flashi inabuti vizuri ila baadhi ya diski zinaweza zisionekane, hasa zile za NVMe, SSD zinazochomekwa kwenye madabodi moja kwa moja. Irudishe AHCI kabla hujaanza kulia.

Flashi yenyewe

Setingi zote ziko sawa na bado? Hamisha poti kwanza. Chagua poti ya nyuma iliyo kwenye madabodi moja kwa moja, nyeusi ya USB 2.0 kama ipo, acha zile za mbele zinazopita kwenye kawaya, na usipitishe kwenye hab. Na kabla ya kuchomeka, chungulia ndani ya poti kwa tochi ya simu. Kiangazi cha huku mnakijua, upepo wa mwezi wa 8 na vumbi lake jekundu linaingia mpaka kwenye kabati lililofungwa, na poti iliyokaa wazi nyuma ya mashine inajaza unga mwembamba unaoshikana kwenye vile vibati vya shaba. Brashi laini kavu inatosha, usipulize kwa mdomo, unapeleka mate.

Jaribu pia kuwasha kutoka baridi kabisa: chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15, subiri kidogo, chomeka. Kuna mashine zinagoma ukiziristati lakini ukizizima hivi zinaiona flashi.

Ikishindikana chomeka flashi kwenye laptopu. HAPA SIKILIZA. Kama ni ya OpenMediaVault, Windows haisomi fomati yake, itakuletea kidirisha cha kukuomba uifomati kabla ya kuitumia. Bonyeza Cancel. Windows haijui ni nini ndiyo maana inasema hivyo, haimaanishi flashi ni mbovu. Ya Unraid inasomeka kawaida, kitu cha kwanza kopi folda ya "config" yote uweke kwenye laptopu, humo kuna leseni yako na faili la super.dat linalokumbuka diski ipi ilikaa wapi. Ukishaikopi ndo fungua Command Prompt ya Windows urun chkdsk E: /f, inakagua flashi na kurekebisha makosa, badala ya E weka herufi ya flashi yako. Kama laptopu nayo haioni kitu, au inaiona inapotea inaiona inapotea, hiyo imeshaenda, usipoteze muda.

Kuhusu kununua nyingine, zile za GB 512 zinazouzwa bei ya soda achana nazo. Nyingi zimedanganya ukubwa, ukiandika ukapita ule ukubwa wa kweli zinameza data kimya kimya. Programu ya H2testw inaijaza flashi yote afu inaisoma tena, ukikuta inalalamika irudishe dukani siku hiyohiyo. GB 16 au 32 ya jina linaloeleweka inatosha sana. Kwa Unraid kuna sababu ya ziada, leseni imefungwa kwenye namba ya kipekee ya flashi, na flashi feki huwa hazina namba hiyo au zinashea moja elfu nzima, mfumo unazikataa.

Ukilazimika kutengeneza upya

Unraid: tengeneza flashi mpya kwa programu yao ya kuandikia, toleo lilelile ulilokuwa nalo kama unalikumbuka, afu rudisha folda ya config juu yake. Ikiwaka itakuambia leseni ni ya flashi nyingine, ihamishe kwenye ukurasa wa Registration. Kama folda ya config hukuiokoa, hapo nenda taratibu mno: mfumo hautajua diski ipi ni ya pariti (ile ya kinga, inayosaidia kurudisha data diski nyingine ikifa), na ukiweka diski yenye mafaili kwenye nafasi ya pariti itaandikwa juu, hakuna fundi wa kukurudishia. Bora uulize kabla hujabonyeza Start.

OpenMediaVault: weka mfumo upya diski zikiwa bado zimechomolewa, ndiyo maana tulizichomoa. Ukimaliza ondoa flashi ya kuwekea, wengi wanaiacha pale mashine inarudi kwenye kuinstoo upya wanadhani imegoma tena. Ikishawaka zima, rudisha diski, washa, afu kwenye mafaili-sistimu chagua kumaunti (kuunganisha) iliyopo, sio kutengeneza mpya. Weka na plagini ya kupunguza uandishi kwenye flashi, matoleo mengi ni ile ya flashmemory, ili isife mapema.

Rudisha diski ukifuata ile picha ya simu. Kabla hujafunga mfuniko ingia BIOS mara ya mwisho uweke "AC Recovery" iwe Power On ili umeme ukirudi iwake yenyewe, na zima ile tabia ya kusimama ikikosa kibodi kama BIOS yako inayo. Unraid ikiona ilizimwa vibaya itaanzisha ukaguzi wa pariti yenyewe, kwa diski za TB 4 inaweza kula usiku mzima, na umeme ukikatika katikati inaanza moja. Kama huna UPS (betri inayoshika mashine umeme ukikatika), ahirisha uianzishe siku ambayo hakuna mawingu upande wa milima.