Waifai inapotea kila laptopu ikiamka usingizini? Anzia hapa kabla hujapiga Windows upya

Wakuu hili tatizo nakutana nalo sana. Unafunika laptopu uende kula, ukirudi skrini inawaka fresh ila waifai hamna, ile alama ya mtandao imegeuka kidunia na list yote imepotea, hata waifai ya jirani haionekani. Mtu anakimbiza mashine kwa fundi, fundi anapiga Windows, mafaili yanaenda na maji, wiki mbili baadae tatizo lile lile. Inaniuma kwa kweli, sababu mara nyingi shida ni draiva tu (kile kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuongea na kadi ya waifai), mashine ikilala umeme wa hiyo kadi unakatwa afu draiva inashindwa kuiamsha.

Kwanza hakikisha kadi ni nzima. Piga Restart, na nasema Restart sio Shut down, kwa sababu tangu Windows 8 ya 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima inahifadhi mfumo pamoja na draiva kwenye diski na ukiwasha inavirudisha vile vile, kwahiyo draiva iliyochanganyikiwa jana inaamka leo bado imechanganyikiwa. Restart ndio inaanza upya kabisa. Waifai ikirudi, kadi nzima hiyo, usinunue nyingine. Isiporudi zima, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 hivi, afu washa tena.

Sasa bonyeza Windows + X, ingia Device Manager, fungua Network adapters, bonyeza mara mbili jina la kadi yako ya waifai, nenda tab ya Power Management utoe tiki pale "Allow the computer to turn off this device to save power". Betri itaisha haraka kidogo ila waifai inatulia.

Huoni hiyo tab? Usishtuke. Fungua cmd, kile kidirisha cha kuandikia amri, andika powercfg /a, ukiona S0 Low Power Idle ujue mashine yako ni ya hizi mpya ambazo hazilali kabisa, zinasinzia tu, na nyingi zinaificha hiyo tab. Kwa hizo mimi naweka kwamba nikifunika iende Hibernate (inahifadhi kazi zako kwenye diski afu inazima kabisa) badala ya Sleep, iko Control Panel kwenye Power Options. Kuamka inachelewa kidogo lakini kadi inawashwa upya kila mara.

Kama bado, rudi kwenye draiva yenyewe. Tatizo lilianza baada ya apdeti? Tab ya Driver, bonyeza Roll Back Driver irudi ile ya zamani. Kikiwa hakibonyezeki, chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa modeli yako kamili, na tafadhali pakua KWANZA ndio ufute ya zamani, nimeona watu wanafuta halafu hawana intaneti ya kupakulia. Yakikukuta, chomeka simu ya Android kwa kebo uwashe USB tethering, intaneti itaingia bila waifai. Laptopu ya mtumba ambayo stika imefutika, angalia tab ya Details, chagua Hardware Ids, itakuonyesha nani katengeneza kadi: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14C3 ni MediaTek. Zile programu za kujidai zinatafuta draiva zote kwa mpigo ziache kabisa, zinakuja na matangazo na takataka kibao.

Na kama yako kinyume chake inajiamsha yenyewe usiku, powercfg /lastwake itakutajia nani kaiamsha, akiwa ni kadi ya mtandao toa tiki ya "Allow this device to wake the computer" pale pale Power Management.

Ukimaliza usiridhike na mara moja, ilaze mara tatu nne, ikiwa kwenye chaja na ikiwa kwenye betri, maana Windows ina setingi tofauti kwa kila hali na unaweza kuponya moja ukaacha nyingine.