Njia za baiskeli milimani zisizo na magari: namna ya kuzitafuta na kuzipima

Barabara ya milimani isiyopitwa na magari ina sababu yake. Pengine imejengwa nyingine pana bondeni na magari yakahamia huko. Pengine ina kizuizi cha kuzuia magari. Pengine inaishia malishoni, ina mpando unaoyashinda malori, au daraja lake lilisombwa na maji likaachwa hivyo hivyo. Sababu mbili za kwanza ni neema kwa mwenye baiskeli. Hizo nyingine zinaweza kumrudisha alikotoka jioni, na kilomita 40 zikiwa tayari miguuni. Kupanga safari ya namna hii ni kuijua sababu hiyo ukiwa bado nyumbani na ramani.

Pa kuanza kutafuta

Weka kando barabara kwanza, utafute reli na maji.

Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo reli nyingi zilijengwa kwa mwinuko usiozidi asilimia 2 au 3. Reli ikishang'olewa, tuta lake linabaki kuwa njia ambayo kwa kilomita 10 inakupandisha mita 200 hadi 300 bila wewe kuinuka kwenye kiti. Vía Verde de la Sierra, kusini mwa Uhispania, ni ya aina hii: kilomita 36 na mahandaki 30, juu ya tuta la reli ambayo haikupata kupitisha treni. Otago Central Rail Trail ya New Zealand ina kilomita 152. Hizo zimetengenezwa. Tuta ambalo halijatengenezwa bado huwa na kokoto kubwa zenye ncha zilizolaliwa na mataruma, yaani mihimili iliyobeba reli, na juu yake baiskeli yenye mzigo haiendi, inarukaruka tu. Tazama picha za setilaiti: kokoto tupu huonekana kama ukanda wa kijivu usio na alama za magurudumu, na daraja lililoondolewa huonekana kama nguzo mbili zinazotazamana. Taa ya mbele ni lazima hata mchana, maana handaki lenye kona huwa na giza totoro katikati.

Mfereji wa maji ni mwalimu mzuri vilevile. Maji hushuka polepole, na njia ya wahudumu wa mfereji huufuata ubavu wa mlima karibu bila kupanda wala kushuka. Ubaya wake ni pale mfereji unapoingia ardhini au kwenye bomba: njia hukatika hapo, au huruka mgongo wa mlima kwa mpando mkali ambao hukuutarajia.

Kisha tafuta barabara kuu za zamani. Ukiona kwenye ramani sehemu mbili zimeunganishwa na barabara mbili, moja imenyooka na kupita handakini, nyingine inazungukazunguka juu ya mlima, ya pili ndiyo yako. Mara nyingi bado ina lami. Ila hakuna anayeiondolea mawe yanayoporomoka, kwa hiyo usiiteremke kwa kasi inayozidi umbali unaouona mbele yako.

Barabara za misitu zilichongwa kwa ajili ya malori ya magogo, na mpando wake kwa kawaida unastahimilika. Nyingi huishia kwenye uwanja wa kupakilia. Siku za kazi kunaweza kuwa na malori, na dereva wake hategemei kukutana na mtu. Mwisho wa juma huwa kimya kabisa.

Kuusoma mpando

Katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, njia za vumbi zina lebo ya tracktype, yenye ngazi kutoka grade1 hadi grade5. Wengi huisoma vibaya. Lebo hiyo inaeleza uimara wa ardhi, haisemi lolote kuhusu mashimo. Njia ya grade2 inaweza kuwa imara na bado ikawa na mawe ya kuvunja spoki. Ngazi ya 4 na ya 5 ni udongo na nyasi: baada ya mvua tope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka.

Mpando uhesabu mwenyewe kwa mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja kwenye ramani. Ikiwa tofauti ya kimo kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni mita 20, na njia inakata mistari mitano katika mita 800, umepanda mita 100: ni asilimia 12.5. Mwenye mikoba ya safari huhimili asilimia 6 siku nzima. Kati ya 7 na 9 anakwenda pole. Kati ya 10 na 12 anavumilia kwa vipande vifupi. Zaidi ya hapo, kwenye changarawe, gurudumu la nyuma huteleza na mtu hushuka kusukuma. Pima kila mita 500 peke yake, kwa kuwa wastani huficha mengi: kilomita 4 za asilimia 7 zinaweza kumeza mita 300 za asilimia 15.

Usiuamini mchoro wa mwinuko unaotolewa na programu bila kuuhakiki. Nyingi hutumia vipimo vya kimo viitwavyo SRTM, vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000, vyenye nukta moja kila mita 30 hivi katika toleo lake bora. Vipimo hivyo ni vya uso wa ardhi. Reli ya zamani ikipita handakini, mchoro utakuonyesha mlima. Ikipita juu ya daraja refu, utakuonyesha shimo. Kwenye barabara iliyochongwa katika ubavu mkali, nukta huangukia mara juu ya njia mara chini yake, na jumla ya mpando huvimba bure. Dawa yake ni kuchukua kimo cha kila bonde na kila kilele kutoka kwenye kontua, ukajumlisha tofauti.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Njia inayozunguka ubavu wa mlima huonekana tambarare kwenye ramani, kumbe kila kijito kimechimba korongo lake. Makorongo 12 ya mita 25 kila moja ni mita 300 za kupanda ambazo hazikuandikwa popote.

Kwa muda, tumia hesabu hii: kilomita 12 kwa saa kwenye vumbi zuri, kisha ongeza dakika 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 45 zenye mita 900 za mpando ni saa 3 na dakika 45, ukiongeza saa 2 na dakika 15. Jumla saa 6 za kukanyaga pedali, mapumziko hayamo. Hiyo inatosha kwa siku moja.

Baiskeli yenyewe

Gia ya chini kabisa ndiyo inayoamua utapanda au utasukuma. Chukua meno ya mbele ugawanye kwa meno ya nyuma. Meno 26 kwa 36 ni 0.72, gurudumu lenye mzunguko wa mita 2.1 litasogea mita 1.5 kwa kila mzunguko wa pedali, na kwa mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5.4 kwa saa. Kwa uzito wa kilo 110, mtu na baiskeli na mizigo, mpando wa asilimia 10 kwenye vumbi unadai karibu wati 190. Ukiwa na meno 34 kwa 34, mizunguko ile ile inadai zaidi ya wati 260, na hizo watu wachache huzitoa kwa saa nzima. Ukipunguza mizunguko ili kuokoa nguvu, mzigo unahamia kwenye magoti.

Tairi za milimita 45 hadi 50 zinafaa, zenye upepo wa baa 2 hadi 2.5 mbele na 2.5 hadi 3 nyuma. Ukijaza sana, tairi hudunda na kuteleza kwenye kokoto. Ukipunguza sana, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo, usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo.

Kwenye mteremko mrefu usiburuze breki. Finya kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia ipoe. Breki za rimu zikishikiliwa kilomita nyingi hupasha rimu moto hadi kiraka kibanduke au tyubu ipasuke. Za diski hupoteza makali na kunuka. Simama dakika kumi, na usiziguse kwa mkono. Pedi za diski zilizobaki chini ya milimita 1 zibadilishe kabla ya safari.

Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, kiungo cha kuungia mnyororo, spoki mbili za urefu wa upande wa gia nyuma, na kile kipande chembamba kinachoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu. Kila muundo wa fremu una cha kwake, na kikipinda huko juu hakuna mbadala. Chukua pia boliti za M5 (unene wa milimita 5) za keria: mtikisiko huzilegeza, kwa hiyo zikaze kila jioni.

Maji na milango

Njia za mgongoni mwa mlima ni kavu kwa sababu chemchemi hutokea chini yake. Hesabu nusu lita hadi robo tatu kwa saa, ujaze kabla ya kupanda. Kijito kilicho chini ya malisho, maji yake yachemshe hata yakiwa meupe. Mlango wa ua wa malisho ulioukuta umefungwa ufunge tena, ulio wazi uache wazi.

Pale njia inapokatika

Mara nyingi njia mbili tulivu hutenganishwa na kilomita moja au mbili za njia ya miguu kati ya vilele. Kabla ya kuitegemea, hesabu kontua. Mpaka asilimia 15 unasukuma kwa kilomita 2 kwa saa. Ikizidi 25, au ikiwa na ngazi za mawe, utavua mikoba na kuvusha vitu kwa awamu mbili, yaani utatembea umbali huo mara tatu: kilomita 1.5 inakuwa 4.5. Iweke asubuhi ukiwa na nguvu na mawingu hayajapanda, na uweke alama kwenye ramani iliyohifadhiwa simuni mahali pa mwisho ambapo unaweza kugeuka na bado ukafika barabara kuu kabla ya giza.