VPS ya tovuti ndogo: RAM kwanza, kore baadaye

Mteja akiniambia tovuti yake imekuwa nzito na anataka VPS (seva ya kukodi, kipande cha kompyuta kubwa ya kampuni), namuuliza wasomaji wake wako wapi. Natunza tovuti za loji na za shule, na majibu hayafanani. Loji ya Karatu inasomwa na Mjerumani anayepanga safari akiwa kwao, kwa hiyo seva ya Falkenstein au Nuremberg, huko huko Ujerumani, inamfaa kuliko ya Johannesburg. Shule ya Mwanza inasomwa na wazazi, kwa simu na bando. Hapo najaribu kote kuwili: napiga ping (kipimo cha muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) kwa laini ya simu, siyo waifai ya ofisini, na kuchukua yenye milisekunde chache. Usiamini ramani tu, maana data hufuata nyaya za baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, njia ya kusini, ya kwenda Johannesburg, ndiyo iliyoumia.

Wauzaji hupenda kutangaza idadi ya kore, yaani vitengo vya prosesa. Mimi natazama RAM, kumbukumbu ya kazi ya seva. Kwa tovuti moja au mbili za WordPress, na MySQL (programu ya hifadhidata) humo humo, chukua GB 2. GB 1 inawaka vizuri tu, mpaka siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na wazazi wakaingia kwa mkupuo. Kumbukumbu ikiisha, Linux huua programu inayokula zaidi, na mara nyingi ni MySQL. Tovuti inadai imeshindwa kuifikia hifadhidata, mwenye shule anadhani amedukuliwa. Andika `dmesg -T | grep -i kill` utamwona marehemu kwa jina. Ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 2, lakini isiwe kisingizio cha kununua RAM ndogo.

Ujue pia kwamba VPS nyingi za bei nafuu hazina fundi ndani yake. Mtandao na umeme ni juu ya muuzaji, yaliyobaki ni yako, hata saa nane usiku.

Siku ya kwanza weka Ubuntu 24.04 LTS, ambayo inapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Tengeneza ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kwenye kompyuta yako kwa `ssh-keygen -t ed25519`, upeleke kwenye seva, kisha ujaribu kuingia kwa dirisha la pili. La kwanza liache wazi. Dirisha la pili likikubali ndipo uzime kuingia kwa nenosiri. Ukuta wa moto nao una mpangilio wake: `ufw allow OpenSSH` inatangulia, halafu bandari 80 na 443, `ufw enable` inakuja mwisho. Ukiugeuza utajifungia nje, na utaingilia kwenye konsoli ya akaunti yako kwa muuzaji, na inachosha. Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt kinadumu siku 90. Programu ya Certbot hukihuisha yenyewe, ila hakikisha kwa `certbot renew --dry-run`.

Bakapu isikae kwa mtoa huduma huyo huyo. Kadi ya benki ikikataa malipo na akaunti ikafungwa, nakala za seva nzima (snapshot) zinafungwa nayo. Kila usiku natoa hifadhidata kwa `mysqldump`, nachukua na folda ya `wp-content` yenye picha na mafaili ya tovuti, navihamisha vyote kwa programu ya rsync hadi kwa kampuni nyingine. Mara moja moja narudisha bakapu kwenye seva tupu nione kama inafunguka.

Kila Jumatatu naangalia nafasi ya diski kwa `df -h`. Diski ikipita asilimia 80, mshukiwa wa kwanza ni logi, kumbukumbu za matukio ya seva; zipunguze kwa `journalctl --vacuum-size=200M`.