Kabla hujafuta akaunti yako kabisa, fungua kwanza ulichopakua

Anza kwa kujua unachofanya. Kuondoa programu kwenye simu si kufuta akaunti: ikoni inatoweka kwenye skrini, lakini picha zako, nambari yako na kila ulichowahi kuandika vinabaki huko huko vilikokuwa. Kuzima akaunti kwa muda nako ni kuiweka kando tu. Siku ukirudi unaikuta ilivyo. Mimi naongelea kufuta kabisa.

Usifute ukiwa na hasira au hofu. Kama kilichokusukuma ni simu kuibwa, azima simu ya jirani, badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha waarifu jamaa wasitume hata shilingi. Shughuli hiyo haizidi nusu saa. Mimi sikuifanya, na kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya.

Simu yangu ilinyakuliwa dirishani nikiwa ndani ya matatu hapa Nakuru, gari likisubiri kujaa. Jioni hiyo mjomba aliye Vihiga akapokea ujumbe kwa jina langu ukiomba Sh3,000 za hospitali. Akatuma. Kesho yake asubuhi nilikuwa saiba, duka la kukodi kompyuta na intaneti, nimeapa kufuta akaunti yangu yote ya Google, barua pepe, picha na vyote, mwizi asipate pa kushika.

Angalau nilikumbuka kuchukua nakala. Google ina huduma ya Takeout inayokukusanyia vitu vyako vyote uvipakue. Niliomba, siku ya pili nikapata barua kwamba viko tayari, nikarudi saiba. Faili lilikuwa la GB 2 na lilishuka polepole kwa karibu saa mbili. Nikalihamishia kwenye flashi, nikalipa, nikaketi tena na kufuta akaunti papo hapo.

Ambacho sikukiona ni kwamba mafaili yalikuwa matatu. Usipochagua ukubwa mwingine, Takeout hukata mzigo vipande vya GB 2, na kila kipande kina kitufe chake cha kupakua. Mimi nilibonyeza cha kwanza tu. Viungo hivyo navyo havikai. Baada ya wiki moja hivi vinakufa hata kama akaunti ingali hai.

Flashi ile niliifungua wiki sita baadaye, tulipokuwa tukitayarisha kumbukumbu ya mama, mwaka mmoja tangu tumzike. Ndani mlikuwa na risiti, barua za kuomba kazi, picha nyingi za skrini za ujumbe wa M-Pesa na picha chache za harusi ya binamu. Nilikuwa nikitafuta video moja. Mama ameketi chini ya mparachichi nyumbani, uteo uko magotini, anapepeta maharagwe. Anainua uso, ananiita kwa jina langu la utotoni, ananiambia niache kusimama kama mlingoti nije nimsaidie kuchagua mawe. Ni video ya sekunde 18. Ilikuwa kwenye kile kipande cha pili au cha tatu, sijui, na sauti ya mama sina mahali pengine popote. Nilijaribu kurejesha akaunti kwa nywila ya zamani na kwa nambari ya simu, nikaambiwa haiwezekani. Google huweza kukurudishia akaunti ukiwahi mapema baada ya kufuta. Mimi nilikuwa nimechelewa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Hesabu vipande, na ukiona imeandikwa vitatu, uwe na vitatu mkononi. Vifungue kimoja kimoja, kwa sababu bando likikatika katikati faili linaweza kuonekana kamili na lisifunguke. Tafuta ndani yake vitu vitatu unavyovijua kwa jina au kwa sura: picha fulani, barua fulani, video fulani. Ukivikosa, usifute. Weka nakala mbili, moja kwako na nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine, maana flashi hupotea na kompyuta huibwa. Kisha ngoja wiki nzima kabla ya kufuta. Watu wa Facebook nao wapakue mapema, kwani faili lao hukaa siku chache tu likiwa tayari.

Barua pepe ifutwe mwisho. Akaunti nyingine zote zinatuma huko namba za kuthibitisha, na ukiifuta kwanza umejifungia nje ya hizo zilizobaki. Tembelea pia kila mahali ulikojiandikisha kwa kubonyeza "ingia kwa Google" au "ingia kwa Facebook", uweke nywila ya kawaida. Laini ya simu ni vivyo hivyo: usiiache kabla hujaiondoa kwenye akaunti zako, kwa kuwa laini isiyotumika hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine, na namba zako za kuthibitisha zitamfikia yeye.

Kama una ukurasa wa biashara, mpe mtu mwingine unayemwamini usimamizi kwanza. Kama wewe ni mweka hazina wa chama, waambie wenzako, kwa sababu ukifuta akaunti ya WhatsApp unatoka kwenye vikundi vyote kwa mpigo, na mtu anayeshika pesa za watu akitoweka bila neno hujui atasemwa nini.

Jua pia kisichofutika. Ujumbe uliomtumia mtu unabaki kwake. Facebook hukupa siku 30 za kughairi, kisha huweza kuchukua hadi siku 90 kumaliza kuondoa ulichoweka. X, iliyokuwa Twitter, nayo inasubiri siku 30, na ukiingia hata mara moja ndani ya siku hizo akaunti inaweza kufufuka. Usichungulie.

Programu za mikopo zinahitaji ukali zaidi. Lipa kwanza na upate uthibitisho, kwa maana kufuta akaunti hakufuti deni. Nenda kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya kusoma majina na nambari ulizohifadhi, halafu ndipo uombe kufutwa, kwa maandishi. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki hiyo, na kanuni za 2021 zinamtaka aliyeshika data zako ajibu ombi la kufuta ndani ya siku 14. Akikaa kimya, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo ina meno: Septemba 2023 iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho. Lakini usishangae ukiambiwa rekodi za miamala zitabaki. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha inazitaka taasisi za fedha kuzitunza kwa angalau miaka 7. Dai lako liwe kwa yale mengine: picha ya uso, nakala ya kitambulisho, orodha ya majina. Hifadhi nakala ya barua uliyotuma, yenye tarehe.

Usimpe mtu yeyote nywila eti akufutie, hata akiwa mpwa wako aliyesomea kompyuta. Mtu akikupigia akisema akaunti yako inafutwa leo na unatakiwa kusoma namba iliyoingia kwenye simu, kata. Usibonyeze kiungo cha kufuta ulicholetewa na mtu. Ingia mwenyewe kwenye mipangilio. Na ukimaliza kupakua saiba, usiinuke haraka kama nilivyoinuka. Toka kwenye akaunti, fungua folda ya vilivyopakuliwa, futa faili lako, kisha mwaga na pipa la taka la kompyuta ile, kwani kuna mtu nyuma yako anasubiri kiti.