Tanga hadi Pemba kwa ndege: piga hesabu ya umbali na muda mwenyewe

Jirani yangu ana harusi Chake Chake. Akatafuta mtandaoni umbali wa ndege kutoka Tanga, akaletewa karibu kilomita 900, akaja kwangu kashika kichwa. Ile ilikuwa Pemba ya Msumbiji. Tukachukua kalamu na karatasi.

1. Tumia msimbo wa uwanja, usitumie jina. Tanga ni TGT. Pemba yetu ni PMA. Ya Msumbiji ni POL.

2. Andika latitudo na longitudo. Tanga: 5°05′ Kusini, 39°04′ Mashariki. Pemba: 5°15′ Kusini, 39°48′ Mashariki. Sekunde nimeziacha.

3. Tafuta umbali. Hapa tuliza akili. Digrii moja ina dakika 60 (ndiyo ile alama ′, si dakika za saa), si 100, kwa hiyo 39°48′ ni 39.80. Wengi huingiza 39.48 kwenye kikokotoo, na 5°05′ wanaifanya 5.05 badala ya 5.08. Ukifanya hivyo kwa viwanja vyote viwili utapata kilomita 50 hivi, na ubaya wa namba hiyo ni kwamba haishtui. Ile 900 mtu anaikataa palepale. Hii 50 anaipokea, na kila hesabu inayofuata inaharibika.

Halafu kuna Kusini. Vikokotoo vingi vinataka alama ya kutoa mbele ya latitudo: -5.08. Ukiisahau kwa viwanja vyote viwili, umbali haubadiliki, maana vyote vimehamia kaskazini pamoja. Ukiisahau kwa kimoja tu, hicho kinaruka ikweta na unaambiwa zaidi ya kilomita 1,100.

Mimi desimali siziingii kabisa. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, na huku kwetu karibu na ikweta dakika ya longitudo ni karibu sawa na hiyo. Basi toa tu: latitudo zinapishana dakika 10, longitudo 44. Kwa kanuni ya Pythagoras, zidisha kila moja kwa yenyewe kisha jumlisha: 100 + 1,936 = 2,036. Kipeuo chake cha pili ni 45 na kidogo. Maili 45 za baharini, au kilomita 84. (Njia hii usiipeleke London, kule dakika ya longitudo imesinyaa hadi maili 0.62 hivi.)

4. Gawanya kwa kasi. Cessna Caravan, kile kindege cha injini moja kinachozunguka visiwani, hukata karibu kilomita 300 kwa saa. Inakuja dakika 17. Ongeza kama 10 za ndege kutembea uwanjani, kupanda angani na kujipanga kutua: nusu saa kasoro. Tovuti zinazokadiria muda kwa kasi ya jeti, kilomita 800 kwa saa, achana nazo. Caravan haifiki hata nusu ya hiyo.

5. Linganisha na ratiba. Ukiona saa moja au zaidi, hesabu yako usiifute. Huenda ndege inapitia Unguja kwanza. Muulize wakala kama ni ya moja kwa moja kabla hujatoa hela, na papo hapo uliza kilo za mzigo, maana kwenye vindege hivi begi la harusi linaweza kukutia gharama.