Jinsi ya Kupanga Nyumba Mwanza: Kutoka kwa Dalali Hadi Ofisi ya Mtaa

Wengi wanaohamia Mwanza huanza kwa kuuliza bei. Nakusihi uanze na maji. Jiji limejengwa juu ya mawe, ziwa unaliona ukiwa karibu kila kilima, na bado zipo nyumba za mlimani ambazo bomba hutoa maji siku chache tu kwa wiki.

Kabla hujampigia dalali, weka karatasi zako tayari: kitambulisho cha NIDA au namba yake, picha ndogo mbili, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka. Barua hii watu huipuuza, halafu wanakwama mwishoni. Mtumishi aongeze barua ya mwajiri, mwanafunzi kitambulisho cha chuo.

Kisha chagua upande kwa kuangalia unakofanyia kazi. Nyegezi, Mkolani na Buhongwa ziko barabara ya Shinyanga. Nyakato na Igoma ni barabara ya Musoma. Kirumba, Kitangiri na Pasiansi zinafuata barabara ya uwanja wa ndege. Capri Point na Isamilo kodi huwa juu. Dalali naye mwambie mapema: malipo yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, utampa mkataba ukishasainiwa. Kama anataka hela ya kukuonesha nyumba, mkubaliane kabla hujapanda bodaboda.

Siku ya kukagua, nenda moja kwa moja jikoni. Niliwahi kuoneshwa nyumba ya mlimani, dalali akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, nikafurahi. Halafu nikaona kwenye kona madumu manane ya lita 20, yamejaa hadi shingoni, yamefunikwa kanga. Nikamuuliza dada aliyekuwa anahama. Akaniambia taratibu, "Kaka, leo umekuja siku ya mgao. Rudi keshokutwa uone." Nilirudi. Bomba lilikohoa hewa tu. Kwa hiyo kagua mara mbili, siku tofauti, na uulize kama kuna simtanki na nani analipa bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza.

Umeme: uliza kama mita ni yako peke yako. Mkichangia mita moja, fahamuni mapema mtagawanaje, maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kupitia luku. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni kama itapunguzwa kwenye pango.

Ukitafuta karibu na ufukwe, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Tazama ukutani kama kuna alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi likaingia kwenye nyumba za watu. Mabatini, waulize majirani Mto Mirongo unafika wapi wakati wa masika.

Nyumba ikikufaa, hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka: usitoe hata shilingi moja kabla hujakutana na mwenye nyumba mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimlipa mtu kodi ya miezi sita kwa sababu alikuwa na funguo. Siku ya kuhamia nilikuta familia nyingine inashusha godoro. Tulikuwa tumelipia nyumba moja, na mwenyewe hatukuwahi kumwona. Mwombe mwenye nyumba hati au leseni ya makazi, linganisha jina na kitambulisho chake, kisha nenda ofisi ya mtaa uulize kama wanamfahamu. Kama mmiliki amefariki, anayekupangisha akuoneshe uteuzi wake wa usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Usiridhike na maneno ya "mimi ndiye mtoto mkubwa", maana ndugu wengine wanaweza kuja kukutoa.

Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni mtu wa heshima zake. Uwe na majina kamili, kodi na muda wake (wengi hutaka miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo), nani anatengeneza kitu kikiharibika, na notisi ya miezi mingapi. Usaini pamoja na mashahidi, mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa sababu bila stempu mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi. Lipa kwa benki au kwa simu, jina la mpokeaji lifanane na la kwenye mkataba, na bado udai risiti.

Ukishahamia, peleka nakala ya barua yako ya utambulisho kwa mjumbe na ofisi ya mtaa wakuandikishe kwenye daftari la wakazi. Baadaye ukitaka kufungua akaunti au kumwandikisha mtoto shule, ofisi hiyo ndiyo itakayokuandikia barua. Mkikosana na mwenye nyumba, anzia kwa mwenyekiti, kisha baraza la kata kwa usuluhishi, na ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Jioni ya kwanza, kabla hujapanga vyombo, piga picha kuta, vioo, masinki, vitasa na namba ya mita, umtumie mwenye nyumba usiku huohuo.