Jinsi ya kutembelea Lubiri ya Mengo na Masiro ya Kasubi kwa siku moja

Anayekuja Mengo, kilima cha Kampala nchini Uganda, akitarajia kuzungushwa sebuleni kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, aone viti, mapazia na picha za ukutani, atarudi amenuna. Twekobe, jumba kuu lililomo ndani ya Lubiri, yaani ikulu ya Kabaka, haliingiwi na watalii. Ni nyumba ya mfalme aliye hai, na hufunguliwa kwa shughuli za ufalme tu. Mgeni anaruhusiwa kuzunguka uwanja, kuliona jumba kwa nje, kusimama langoni na kushuka kwenye mahandaki ya enzi za Idi Amin. Ndiyo maana mpangilio wa siku una uzito kuliko urefu wake. Ukianzia Lubiri moja kwa moja bila kupita Bulange, makao ya serikali ya Buganda, utaona jumba zuri katikati ya nyasi, upige picha mbili, ujiulize kwa nini umelipa.

Mpangilio tunaoupendekeza: Bulange asubuhi, njia ya Kabaka Anjagala kwa miguu, Lubiri kabla ya jua kuwa kali, chakula, kisha Kasubi, kwenye Masiro (makaburi ya wafalme), mchana. Ukianza saa tatu asubuhi utakuwa umemaliza kwenye saa kumi bila kukimbizana.

Kabla ya kutoka

Angalia kalenda kwanza. Lubiri ndiyo uwanja wa sherehe za Buganda. Mbio za siku ya kuzaliwa kwa Kabaka, mwezi Aprili, huanzia humo. Tarehe 31 Julai ni kumbukumbu ya kutawazwa kwa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II mwaka 1993. Na usiku wa 31 Desemba hufanyika tamasha la Enkuuka. Siku hizo, na siku moja au mbili kabla yake mafundi wanapofunga jukwaa na mahema, usitegemee ziara ya utulivu. Siku Lukiiko, yaani bunge la Buganda, linapokaa, ukumbi wa Bulange nao huwa na wenyewe.

Mavazi yanakaguliwa, hasa Kasubi. Mwanamume avae suruali ndefu. Kaptula iache hotelini. Mwanamke avae sketi au gauni linalopita magoti, na hata akiwa hivyo abebe leso au kitenge cha kujifunga, kwa sababu suruali ya kike haikubaliki ndani ya Masiro. Pale langoni mara nyingine kuna vitambaa vya kuazima, lakini cha kwako ni bora kuliko kusubiri. Viatu viwe vya kuvua upesi. Viatu vya kamba ndefu vitakuchelewesha mlangoni huku wenzako wameshaketi.

Beba pia:
- kitambulisho au pasipoti, maana bei ya mwananchi na ya mgeni si moja;
- noti ndogo za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000, kwa ajili ya boda, maji na bakshishi ya mwongozaji;
- tochi, au simu yenye chaji ya kutosha, kwa ajili ya mahandaki;
- mwavuli, kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Salamu ni sehemu ya tiketi. Kiswahili kimo katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, na watu wengi wa Kampala wanakielewa. Lakini Mengo si mahali pa kuanza nacho. Kwa miaka mingi hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na askari ndio waliouvunja ufalme huu. Anza na Kiganda: "Wasuze otya, ssebo?" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, na ikiwa ni jioni, "Osiibye otya?" Ukishajibiwa, endelea na Kiswahili chako, utasikilizwa vizuri zaidi. Kabaka usimtaje kwa jina tupu. Sema Kabaka, au Ssaabasajja.

Bulange

Kutoka katikati ya mji, boda ndiyo rahisi. Patana bei kabla ya kupanda, au agiza kwa programu ya simu ili bei ijulikane mapema. Ukipenda taksi (ile ya abiria kumi na wanne, ambayo Mtanzania angeiita daladala na Mkenya matatu), panda inayopitia Mengo kwenda Rubaga na umwambie kondakta mapema kwamba unashukia Bulange. Kuteremka, sema kwa sauti "Maaso awo, ssebo!" Ukinong'ona utapitilizwa.

Bulange ni jengo la serikali ya Buganda, lililojengwa miaka ya 1950 chini ya Mutesa II. Ofisi ya utalii ya ufalme inapatikana hapa, na hapa ndipo pa kulipia na kupewa mwongozaji. Omba tiketi itakayokufikisha Lubiri pia, na uishike hadi mwisho wa siku. Kosa la kawaida ni kukubaliana na kijana aliyekukuta barabarani anayesema "mimi ni mwongozaji, twende tu". Utafika langoni, utaambiwa huna risiti, na utalipa mara ya pili.

Ndani, ukumbi wa Lukiiko unastahili nusu saa. Mwombe mwongozaji akueleze mpangilio wa viti: nani anakaa wapi, na Kabaka anakaa wapi akija. Ukielewa ukumbi huu, mambo ya Lubiri yatakuwa mepesi. Nje kuna kobe wakubwa ambao watoto huwapenda kuliko historia yote. Umri wao huongezeka kila unaposimuliwa, kwa hiyo usiuandike popote.

Kabaka Anjagala

Toka nje usimame mbele ya Bulange utazame moja kwa moja. Ng'ambo, juu ya kilima cha Mengo, utaliona lango la Lubiri. Barabara hii inayoyaunganisha ina urefu wa maili moja hivi na imenyooka. Itembee kwa miguu. Ni nusu saa bila haraka, na ukiipita kwa boda umepoteza nusu ya ziara. Kandokando kuna alama za koo za Baganda: Nkima ni tumbili, Ngo ni chui, Mmamba ni kamongo. Mganda hali mnyama wa ukoo wake na haoi ndani ya ukoo wake, na koo zinazohesabiwa ni 52. Ishike namba hiyo, utaikuta tena Kasubi.

Katikati ya njia kuna mzunguko wa Nantawetwa. Angalia kwa makini: magari yote yanazunguka, lakini katikati pana kilango kinachopita moja kwa moja. Hicho ni cha Kabaka peke yake. Mfalme hazunguki. Usikipande wala kukipitia kwa ajili ya picha, hata kama hakuna anayekuona.

Lubiri

Lango kuu huitwa Wankaaki. Kabla hujaingia, tafuta moto. Kando ya lango kuna magogo yanayofuka polepole, yamepangwa ncha zikikutana katikati, na majivu ya kijivu yamezunguka. Huo ni Kyoto Ggombolola. Hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Huzimwa anapofariki, na huwashwa tena anapotawazwa mwingine. Wageni wengi huupita wakidhani walinzi wanaota moto. Usitupe karatasi humo, wala usisogeze gogo kwa mguu.

Mwanga II ndiye aliyeweka ikulu hapa Mengo miaka ya 1880. Twekobe ya sasa ilijengwa 1922 wakati wa Daudi Chwa II. Lisogelee jumba hadi pale mwongozaji anapokuambia simama, na usipite hapo. Kwa picha, asubuhi ni bora kuliko jua la utosini. Walinzi na askari usiwapige picha bila kuwauliza, na ndege ya kamera isipae kabisa.

Uwanja unaonekana mtupu, na wengi huuliza nyumba nyingine ziko wapi. Jibu ni tarehe 24 Mei 1966. Mutesa II alikuwa Kabaka na pia alikuwa Rais wa Uganda tangu 1963. Alipokosana na waziri mkuu Milton Obote, jeshi likiongozwa na Idi Amin liliishambulia Lubiri. Kabaka aliruka ukuta akatoroka, akaishia London, na akafia huko Novemba 1969. Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi, ikaitwa Malire. Ukishajua hivyo, utaacha kulitafuta jumba tu na utaanza kuutazama ukuta.

Mahandaki yako upande wa nyuma, na njia yake huteleza mvua ikinyesha. Ni korido ya zege iliyochimbwa kwenye mteremko, na upande mmoja kuna vyumba visivyo na dirisha. Tazama sakafu: ile ya vyumba iko juu kuliko ya korido. Korido ilijazwa maji na maji yakatiwa umeme, kwa hiyo mfungwa aliyejaribu kutoka alikufa hatua ya kwanza. Mwongozaji atakueleza kwamba handaki lilijengwa liwe ghala la silaha. Ukutani kuna alama za viganja na maandishi ya mkaa. Yasome bila kuyagusa. Mkaa unafutika kwa kidole kimoja. Idadi ya waliokufa humu utatajiwa kubwa sana, tena hutofautiana kati ya mwongozaji na mwongozaji. Isikilize kama simulizi. Watoto wadogo wabaki juu na mtu mzima. Dakika kumi na tano zinatosha, na kwa maoni yetu picha za kujipiga mwenyewe hapa si adabu.

Ukiwa na muda, ziwa la Kabaka liko karibu, upande wa Ndeeba. Mwanga II aliamuru lichimbwe, akikusudia kuliunganisha na Nnalubaale, yaani Ziwa Victoria. Halikufika. Ni la kutazama tu.

Kwa chakula, vibanda vya Mengo vina matooke (ndizi za kupikwa) na binyebwa (mchuzi wa karanga). Kula sasa, kwa sababu Masiro si mahali pa kutafuna kitu.

Kasubi

Panda boda, au taksi za barabara ya Hoima ziendazo Nansana, ushuke Kasubi sokoni. Uliza "Masiro", hakuna asiyejua. Kutoka barabara kuu ni kipande kifupi cha kupanda.

Hii nayo ilikuwa ikulu. Mutesa I aliijenga nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, mwaka 1882, na alipofariki 1884 akazikwa humo humo. Baada yake walizikwa Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa 16 Machi 2010 moto uliiteketeza. Ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ikaondolewa Septemba 2023 baada ya kazi ndefu ya kuijenga upya. Paa lote ni nyasi, basi ukikatazwa sigara, kiberiti na hata kusimama karibu na kuta za matete, usibishane.

Unaingia kupitia Bujjabukula, nyumba ya lango. Hapo hapo uliza kama leo wageni wanaruhusiwa ndani ya nyumba kuu au uani tu, kabla ya kulipa. Ukiruhusiwa, vua viatu, inama kidogo, na uketi kwenye mkeka: wanaume wakunje miguu mbele, wanawake wailaze upande mmoja. Usinyooshe miguu kuelekea pazia la kitambaa cha gome. Nyuma ya pazia hilo ni Kibira, wanakolala wafalme, na hakuingiwi. Kisha inua macho. Pete zinazolizunguka paa kwa ndani ni 52, moja kwa kila ukoo. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na hakuna fundi wa nje anayeweza kuwapokonya.

Wanawake wanaotunza Masiro huishi katika nyumba zilizouzunguka ua, na husuka mikeka. Ukitaka kitambaa cha gome, kinachotokana na mti wa mutuba, kishike kwanza: cha kweli kina rangi ya udongo mwekundu, alama za nyundo zinaonekana, na mara nyingi kina viraka vilivyoshonwa kwa mkono. Kiviringishe, usikikunje, ama kitapasuka penye mkunjo. Na kisilowe njiani kuelekea hotelini.